Maandamano, haki za raia na umoja wa kitaifa Malaysia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Malaysia watu wengi tunaijua kwa yale maghorofa mapacha ya Kuala Lumpur na stori za uchumi kupaa, lakini kuna upande wa pili ambao hauongelewi sana, wa watu kuingia barabarani, polisi, mabomu ya machozi, na serikali kusema kila mara kwamba "mtavunja umoja wa taifa". Maswali yanayojirudia kuhusu hilo jambo ndo haya hapa. Majibu mengine marefu mengine mafupi, maana siyo kila swali lina uzito sawa.

Kwanza kabisa, Malaysia ni watu gani? Mbona habari ya rangi na kabila inakuwa nyeti hivyo?

Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama milioni 32.4. Ukichukua raia peke yao, karibu 7 kati ya kila 10 ni Bumiputera, yaani Wamalay pamoja na wenyeji wengine wa asili hasa wa Sabah na Sarawak, majimbo mawili yaliyoko kisiwa cha Borneo, halafu Wachina wako kwenye asilimia 23 hivi na Wahindi karibu asilimia 7. Hawakujikuta pamoja kwa bahati mbaya. Enzi za Mwingereza Wachina waliingia kwa wingi kwenye migodi ya bati na biashara za mjini, Wahindi (wengi wao Watamil) wakaletwa kwenye mashamba ya mpira, na Wamalay wakaachwa vijijini na mpunga wao na uvuvi wao. Kwa hiyo ukijua kabila la mtu ulikuwa unajua na kazi yake, anapoishi, na mara nyingi hata kiasi alichonacho mfukoni.

Uhuru ulipokuja tarehe 31 Agosti 1957 vyama vikubwa navyo vilikuwa vya kikabila, UMNO ya Wamalay, MCA ya Wachina, MIC ya Wahindi, vikaungana kutawala lakini kila kimoja kikibaki na watu wake. Katiba yenyewe kifungu cha 153 inalinda nafasi maalum ya Wamalay, na baadaye wenyeji wa Sabah na Sarawak, kwenye ajira za serikali, elimu, leseni na kadhalika. Na kwa katiba hiyohiyo Mmalay ni lazima awe Mwislamu. Unaona sasa? Ukigusa kabila umegusa dini, ukigusa dini umegusa masultani, wale watawala wa kifalme wa majimbo, ukigusa masultani umegusa kila kitu.

Tarehe 13 Mei 1969 kulitokea nini, na kwa nini hadi leo inatajwa kila wakitaka kuandamana?

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 10 Mei 1969. Muungano tawala ukashinda ila kwa kupungukiwa vibaya, na vyama vya upinzani vilivyokuwa na Wachina wengi, DAP na Gerakan, wafuasi wao wakaingia mitaani Kuala Lumpur kushangilia siku mbili zilizofuata. Upande wa UMNO wakaona wametukanwa, wakaitisha mkusanyiko wao tarehe 13 nyumbani kwa kiongozi wa jimbo la Selangor kule Kampung Baru, na jioni ile vurugu zikalipuka. Watu wakauana, nyumba na maduka yakachomwa, ikatangazwa amri ya kutotoka nje. Hesabu rasmi ya serikali ni watu 196 waliokufa, wengi wao Wachina, na wapo wanaosema kwa miaka mingi kwamba idadi ya kweli ni kubwa zaidi ya hapo.

Bunge likasimamishwa mpaka Februari 1971, nchi ikaendeshwa na baraza la dharura chini ya mwanasiasa wa UMNO, Tun Abdul Razak. Humo ndimo zilimozaliwa Rukun Negara, ile itikadi ya taifa iliyotangazwa tarehe 31 Agosti 1970, na sera mpya ya uchumi ya 1971 iliyolenga kupunguza umaskini kwa wote na kuwapandisha Bumiputera wafike asilimia 30 ya umiliki wa hisa za makampuni, maana mwaka 1970 walikuwa na kama asilimia 2.4 tu. Na katiba ikarekebishwa ili mambo fulani yasihojiwe kabisa: uraia, nafasi maalum ya Wamalay, lugha ya taifa, na enzi ya masultani. Hata mbunge akiwa bungeni hana kinga akiyahoji hayo.

Kilichotokea 1969 kilikuwa kibaya na hakuna wa kukibeza. Ila angalia kilivyotumika baada ya hapo. Kila kundi likisema tunataka kuandamana, iwe kwa ajili ya kura, iwe bei ya mpira, anatokea waziri anasema "mnataka 13 Mei irudi?" Mzazi akisikia hivyo anamfungia mtoto wake ndani. Ile tarehe ikageuka kufuli, na funguo wanazo walewale walioko madarakani, hiyo ndo shida yangu na huo wimbo.

Kwani kabla ya miaka ya 2000 hakukuwa na maandamano?

Yalikuwepo, ila yanasahaulika. Mwaka 1974 bei ya mpira ilianguka na wakulima wadogo wa Baling, jimbo la Kedah, wakaandamana kwa njaa, maelfu yao. Wengi walikuwa Wamalay, watu walewale ambao serikali ilikuwa inasema inawatetea! Wanafunzi wa vyuo Kuala Lumpur wakawaunga mkono mwezi Desemba, polisi wakakamata zaidi ya elfu moja, na mmoja wa vijana waliowekwa kizuizini bila kesi kwa karibu miezi 20 anaitwa Anwar Ibrahim. Kumbuka hilo jina. Baada ya hapo sheria ya vyuo vikuu ikakazwa 1975 ili wanafunzi wasijiingize kwenye siasa.

Halafu Oktoba 1987 ikaja Operesheni Lalang. Kulikuwa na mvutano mkali wa kikabila kuhusu walimu wakuu wa shule za Kichina, na ndani ya UMNO kwenyewe kulikuwa na ugomvi wa uongozi. Serikali ya waziri mkuu Mahathir Mohamad ikakamata watu zaidi ya mia moja kwa sheria ya usalama wa ndani, ISA, ile ya kumweka mtu ndani bila mahakama. Wabunge wa upinzani, wanaharakati, walimu, watu wa dini. Magazeti yakafungiwa leseni. Sababu iliyotolewa? Umoja wa kitaifa.

Septemba 1998 Mahathir huyohuyo akamfukuza naibu wake, ambaye ni nani? Anwar Ibrahim. Maelfu wakaingia barabarani wakipiga kelele za "Reformasi", Anwar akakamatwa usiku wa tarehe 20, na siku chache baadaye akafikishwa mahakamani jicho limevimba jeusi, ikaja kujulikana kwamba aliyempiga ni mkuu wa polisi wa nchi nzima. Lile jicho likawa bango.

Bersih ni nini?

Bersih maana yake safi. Ni muungano wa asasi za kiraia unaodai uchaguzi safi na wa haki, ulizinduliwa Novemba 2006, mwanzoni vyama vya upinzani vilikuwa ndani, baadaye kuanzia 2010 ukaendeshwa na asasi peke yake. Madai yake ukiyasikia hayana kabila hata kidogo: safisheni daftari la wapiga kura, wino usiofutika kwenye kidole, rekebisheni kura za posta, vyombo vya habari viwape wote nafasi, kampeni ziwe na siku za kutosha. Nadhani hapo ndipo ujanja wao ulipo. Kura ya Mchina ikiibiwa na ya Mmalay ikiibiwa maumivu ni yaleyale.

Mara ya kwanza waliandamana 10 Novemba 2007, mvua inanyesha, wakaelekea ikulu ya mfalme kupeleka waraka wao. Njano kwa Wamalay ni rangi ya kifalme na safari ilikuwa ya kwa mfalme, kwa hiyo fulana za njano zilikaa mahali pake, na tangu hapo rangi ikabaki yao.

Ila kubwa zaidi kwa maoni yangu ni ya tarehe 9 Julai 2011, Bersih 2.0. Mwenyekiti alikuwa Ambiga Sreenevasan, mwanasheria, aliyewahi kuwa rais wa chama cha mawakili, Mhindi kwa asili. Serikali ilifanya kila kitu kuizuia. Wiki mbili kabla, basi la wanachama wa chama cha kisoshalisti lilisimamishwa na watu 30 wakakamatwa, wakaambiwa wanataka kufufua ukomunisti na kupigana na mfalme, sita kati yao akiwemo mbunge daktari wakawekwa ndani kwa sheria ya dharura. Tarehe 1 Julai Bersih yenyewe ikatangazwa kuwa ni kundi haramu. Kuvaa njano likawa kosa, watu wakakamatwa kwa sababu ya fulana tu! Mfalme akakutana na Ambiga, Bersih wakakubali kuacha barabara waende uwanjani, wao wakataka uwanja wa michezo wa Merdeka, wakanyimwa. Basi wakarudi kwenye mpango wa kwanza.

Siku yenyewe katikati ya jiji kulifungwa, vizuizi vya polisi kila kona. Watu wakaja hivyohivyo, wengine njano wameificha ndani ya begi, chumvi na chupa ya maji mkononi kwa ajili ya moshi wa mabomu. Mvua ikapiga tena. Mzee A. Samad Said, mshairi mwenye heshima ya kitaifa, ndevu nyeupe mpaka kifuani, alikuwemo kwenye msafara. Mama mmoja mstaafu Mchina, mwalimu wa zamani, alipigwa picha ameloa chapachapa na ua mkononi, na ile picha ikazunguka nchi nzima. Mabomu ya machozi yakapigwa hadi maeneo ya hospitali ya Tung Shin, waziri akakana, madaktari waliokuwepo wakasema tulikuwepo tumeona kwa macho. Waliokamatwa ni zaidi ya 1,600 kwa siku moja, wengi wakaachiwa usiku uleule.

Wengi waliokuwepo walisimulia baadaye kitu kilekile, kwamba walikuwa wanakimbia moshi kwenye vichochoro na mtu wa kabila lingine anawavuta ndani ya geti, anawapa maji, anawagawia chumvi. Sasa watu waliolelewa na hofu ya kwamba wakikutana barabarani watachinjana, wakakutana barabarani, na aliyekuwa anawapiga siyo jirani. Sitaki kuipamba sana lakini kwa nchi yenye historia ile hilo ni jambo zito. (Julai 2012 mahakama kuu ikasema kule kuiita Bersih haramu hakukuwa halali, ila wakati huo fulana zilishachanika.)

Na Hindraf je? Wao si waliandamana kwa ajili ya Wahindi tu? Hiyo si ndo kuvunja umoja?

Swali zuri na jibu lake halina raha. Hindraf ni vuguvugu la kutetea haki za Wahindi wa Malaysia, hasa Wahindu. Tarehe 25 Novemba 2007, wiki mbili tu baada ya Bersih ya kwanza, maelfu ya Wahindi waliingia Kuala Lumpur kutaka kupeleka ombi ubalozi wa Uingereza. Walikuwa wamefungua madai London kwamba Mwingereza ndiye aliyewaleta mababu zao mashambani kama vibarua, kisha akaondoka akawaacha bila ulinzi. Ukisikia unacheka kidogo, kumshtaki Mwingereza nusu karne baada ya uhuru. Lakini hasira yenyewe ilikuwa ya nyumbani: mashamba ya mpira yamegeuzwa mitaa ya kifahari na wafanyakazi wametolewa bila pa kwenda, watoto wanaishia njiani shuleni, mahekalu yanabomolewa, na lile la Padang Jawa lilivunjwa siku chache kabla ya Deepavali, sikukuu yao kubwa. Wengi walibeba picha za Gandhi. Wakapigwa maji na mabomu ya machozi, na Desemba viongozi watano wakaenda kizuizini Kamunting kwa ISA. Mmoja wao, M. Manoharan, akachaguliwa kuingia bunge la jimbo la Selangor Machi 2008 akiwa bado yuko ndani.

Je, walivunja umoja? Mimi naona ukimwambia mtu asilie kwa jina la kabila lake wakati ameumizwa kwa kabila lake unamwonea mara mbili. Madai yao yalikuwa ya kundi moja, ni kweli, na baadhi ya maneno yao yalikuwa makali kupita kiasi, hilo nalo ni kweli. Ila matokeo yake yalikwenda kwa wote, maana Wahindi waliokuwa wanaipa serikali kura kila uchaguzi walihama kwa wingi, na uchaguzi wa 8 Machi 2008 muungano tawala ukapoteza ule wingi wake wa theluthi mbili bungeni na serikali za majimbo matano zikawa mikononi mwa upinzani.

Ni kweli Bersih baadaye ikawa ya Wachina?

Hiyo ni Bersih 4, tarehe 29 na 30 Agosti 2015, na wanaosema hivyo hawajasema uongo wote. Kwa macho tu Wachina walikuwa wengi sana kuliko zamani, Wamalay wachache. Sababu moja kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: chama cha Kiislamu PAS, ambacho kwenye 2007, 2011 na 2012 kilikuwa kinaleta mabasi na mabasi ya Wamalay kutoka majimboni, safari hii kiligombana na wenzake wa upinzani na hakikushiriki. Ukiondoa chama chenye watu wa vijijini unabaki na watu wa mjini, na Wachina wengi wanaishi mjini. Hakuna siri hapo.

Ila serikali ikaikamata hiyo picha kwa mikono miwili. Kashfa iliyokuwa mezani ilikuwa ya mabilioni, mfuko wa 1MDB, na habari kwamba karibu dola milioni 700 ziliingia kwenye akaunti binafsi ya waziri mkuu Najib Razak. Badala ya kujibu fedha zimetoka wapi, mjadala ukahamishiwa kwenye "Wachina wanataka kumwangusha kiongozi Mmalay". Na waliokuwepo walikaa saa 34, wakalala barabarani, wakaokota takataka zao, hakukupigwa bomu hata moja. Tena mzee Mahathir akatokea na mkewe! Yuleyule wa Operesheni Lalang, yuleyule wa 1998. Kuna watu walipiga makofi, kuna waliobaki midomo wazi, na wale waliowahi kulala Kamunting nadhani walikuwa na yao moyoni.

Wanaopinga usawa nao wana haki ya kuandamana?

Wanayo. Na hapa ndipo wapenda haki wengi huwa wanababaika.

Tarehe 16 Septemba 2015, siku ya Malaysia, kundi la mashati mekundu liliandamana kutetea heshima ya Wamalay kama jibu kwa Bersih 4. Wengi walikaa kwa amani, ila kikundi kilitaka kuingia mtaa wa Petaling, ambako maduka mengi ni ya Wachina, na polisi wakawapiga maji wasiingie. Mimi hapo sina ugomvi na polisi. Kuandamana ni haki yako, ila kwenda kumtisha mwenye duka kwa sababu ya sura yake siyo kuandamana tena.

Kisha 8 Desemba 2018, serikali mpya iliyoingia kwa uchaguzi wa Mei mwaka huo ilikuwa imesema itaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi wa rangi, ICERD. UMNO na PAS wakasema mkataba utafuta kifungu cha 153 na kuushusha Uislamu. Serikali ikarudi nyuma mwezi Novemba, lakini mkusanyiko wa kuupinga ukafanyika hivyohivyo pale Dataran Merdeka, uwanja wa wazi katikati ya Kuala Lumpur, makumi ya maelfu, wengi katika nguo nyeupe, na uliisha bila fujo. Siyapendi waliyoyadai hata kidogo, kwamba nchi isiahidi kuacha ubaguzi. Lakini haki ya kukusanyika ikiwa ni ya wenye hoja unayoipenda tu, basi siyo haki, ni upendeleo, na kesho upendeleo unahamia kwa mwingine.

Na angalia jambo lingine, wiki mbili kabla ya hapo kulikuwa na vurugu kwenye hekalu moja la Kihindu Subang Jaya, askari wa zimamoto Mmalay akajeruhiwa pale na akafariki Desemba 17. Nchi ilikuwa moto kweli. Kama nadharia ya kwamba maandamano yanazaa 13 Mei ingekuwa sahihi, tarehe 8 Desemba ndo ingekuwa siku yake.

Katiba inasemaje sasa? Unahitaji kibali au huhitaji?

Kifungu cha 10 cha katiba kinawapa raia haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha, halafu hapohapo kinaliruhusu bunge liweke mipaka. Shughuli yote iko kwenye hiyo mipaka.

Kwa miaka mingi kifungu cha 27 cha sheria ya polisi ya 1967 kilitaka kibali, na kibali upinzani ulikuwa haupewi. Baada ya fedheha ya 2011 Najib akaahidi mageuzi, ISA ikafutwa 2012 (ikaletwa SOSMA badala yake, na yenyewe inamweka mtu ndani siku 28 kabla ya mahakama, kwa hiyo usishangilie sana), na ikaja sheria ya mikusanyiko ya amani ya 2012. Hii haitaki kibali, inataka taarifa kwa polisi, siku 10 kabla. Ila ilikataza maandamano ya kutembea barabarani! Unaweza kukaa, huwezi kutembea. Mawakili wenyewe waliandamana kuipinga ikiwa bado mswada. Mwaka 2019 marekebisho yakashusha taarifa hadi siku 5 na kuondoa hilo katazo la kutembea.

Usipotoa taarifa ilikuwa faini mpaka ringgit 10,000. Mahakama zimevutana kuhusu hiyo faini vibaya sana: 2014 mahakama ya rufaa ikasema inapingana na katiba, 2015 mahakama ya rufaa hiyohiyo, majaji wengine, ikasema haipingani. Watu wakaishi miaka kumi hawajui lipi ni lipi. Tarehe 1 Julai 2025 Mahakama ya Shirikisho, ambayo ndo ya juu kabisa, ikamaliza, ikasema kumwadhibu mtu kama mhalifu kwa kutotoa taarifa ni kinyume cha katiba. Kutoa taarifa bado kupo kwenye sheria ila faini kwa sababu hiyo hapana.

Mengine ya kujua haraka haraka: mwandaaji awe na miaka 21, mtoto chini ya 15 haruhusiwi kwenye mikusanyiko ya namna hii, na kuna sehemu zilizokatazwa kuzisogelea chini ya mita 50, kama hospitali, shule, nyumba za ibada, vituo vya mafuta, reli. Katikati ya Kuala Lumpur jaribu kutafuta sehemu iliyo zaidi ya mita 50 kutoka kwenye vitu vyote hivyo, utachoka.

Na bado ipo sheria ya uchochezi ya 1948, ya Mwingereza, ambayo inaweza kukukuta baada ya kushuka jukwaani hata kama mkusanyiko wenyewe ulikuwa halali.

Haya, maandamano yamebadilisha nini cha maana?

Wino usiofutika ulianza kutumika uchaguzi mkuu wa 2013, na watu wakalalamika kwamba unafutika kwa sabuni. Utani wa mwaka ule. Kwenye uchaguzi huohuo upinzani ulipata kura nyingi kuliko serikali, karibu asilimia 51, na serikali ikapata viti 133 kati ya 222 kwa asilimia 47, kwa sababu majimbo ya uchaguzi yamechorwa mjini watu wengi kiti kimoja, kijijini watu wachache kiti kimoja. Hilo dai la Bersih mpaka leo halijatimia vizuri.

Lakini 9 Mei 2018 muungano uliotawala tangu uhuru ukaangushwa kwa kura, kwa utulivu, na hakukutokea mauaji yoyote. Wanaodhani hiyo ilitoka hewani wasahau. Ni miaka kumi ya watu kufundishana kulinda kura, mawakala vituoni, vijana kujisajili, na barabara ndo ilikuwa darasa. Mwaka 2019 katiba ikarekebishwa umri wa kupiga kura ukashuka kutoka 21 hadi 18 na usajili ukawa wa moja kwa moja, kampeni iliyosukumwa na vijana wa makabila yote, na ilipita bungeni pande zote zikikubali, jambo la nadra kule. Najib mwenyewe alihukumiwa 2020 na akaingia gerezani Agosti 2022.

Ubaguzi wa kwenye sera, shule zilizogawanyika kwa lugha, vyama vya kikabila, hivyo vyote vipo palepale. Barabara haijavigusa sana.

Sabah na Sarawak wanakaa wapi kwenye hii stori?

Pembeni, na wenyewe wanalalamika hivyo. Waliungana na Malaya kuunda Malaysia tarehe 16 Septemba 1963, wana makabila mengi mno, Kadazan-Dusun, Bajau, Iban, Bidayuh, Melanau, na familia ambazo kuna Mkristo, Mwislamu na Mchina meza moja siyo ajabu kule. Hofu ya 13 Mei haiwahusu sana, wao kilio chao ni mapato ya mafuta na makubaliano ya 1963 kutoheshimiwa. Desemba 2024 wanafunzi waliandamana Kota Kinabalu, mji mkuu wa Sabah, kupinga rushwa ya serikali ya jimbo, na hawakuwa wanaongelea kabila la mtu yeyote.

Na Anwar sasa hivi akiandamaniwa anafanyaje?

Ni waziri mkuu tangu 24 Novemba 2022. Tarehe 26 Julai 2025 upinzani ukiongozwa na PAS ukajaza Dataran Merdeka na maeneo ya jirani, wanapiga kelele "Turun Anwar", shuka Anwar, wengi kwa hasira ya gharama za maisha. Polisi waliwaacha, walimwaga sera zao, wakarudi makwao. Kwa mtu aliyewekwa ndani 1974 kwa kuandamana angefanya vingine ingekuwa aibu ya karne. Ila wanaharakati wanasema, na nakubaliana nao, kwamba vikundi vidogo visivyo na chama nyuma yao bado vinaitwa polisi kuhojiwa baada ya kila mkusanyiko, hata ukiwa wa watu ishirini na mabango.

Mimi ni mgeni, nasoma au nafanya kazi Malaysia. Naweza kujiunga nikiona wanapita?

Hapana. Haki ya kifungu cha 10 ni ya raia, na sheria ya mikusanyiko inasema wazi kwamba asiye raia kuandaa au kushiriki ni kosa lenye faini, na visa yako nayo inaweza kuguswa. Wala usivae rangi yao siku hiyo ukapiga picha katikati yao. Kama njia yako inapita hapo, tumia treni, ila angalia kwanza maana vituo vya karibu na Dataran Merdeka kama Masjid Jamek wakati mwingine hufungwa.